Sura ya Nane: Mlinzi wa Kushoto

Inspekta Thenmozhi alikuwa na jioni moja tu, na kipande kizuri cha jioni hiyo kilikuwa kimeshaliwa na foleni ya Barabara ya Avinashi. Alipanda ngazi za ofisi ya Kayalvizhi mbiombio, Sajini Arokiasamy akimfuata nyuma huku akihema na kuyalaani magoti yake. Chini yao kiwanda cha kusubu kilikuwa kinamimina chuma, na ngazi zote zilinuka mchanga ulioungua.

"Hujachelewa, afande," Kayalvizhi alisema bila kugeuka. "Ndege bado iko chini. Nimeangalia kwenye simu."

"Basi usiangalie tena. Utanitia kiwewe."

Kayalvizhi alikuwa mchoraji wa pampu. Kutwa alikaa mbele ya kompyuta akichora maganda ya pampu za visima, na sehemu kubwa ya Coimbatore ilikunywa maji yaliyopita kwenye michoro yake. Hakuwa polisi wala mtu wa makumbusho. Thenmozhi alimwendea kwa sababu wataalamu walikuwa wameshasema, na walichosema kilikuwa kinamnyonga.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Hekalu dogo la Sembarai, nje ya mji upande wa Sulur, lilikuwa na walinzi wawili wa shaba, mmoja kila upande wa mlango wa ndani, wakongwe kuliko hati yoyote ya ardhi katika wilaya ile. Juma lililopita watu wa forodha walifungua kreti la mfanyabiashara wa vinyago aitwaye Dhandapani, wakamkuta ndani mlinzi wa kushoto, pacha wa yule aliyekuwa bado amesimama hekaluni. Dhandapani hakutoka hata jasho. Alisema ya kwake ni nakala, kazi mpya ya mikono, na vibali anavyo. Thenmozhi alisema kinyume chake: nakala ndiyo iliyosimama Sembarai, na mlinzi wa kweli ndiye aliyelala kwenye kreti akisubiri kupandishwa ndege. Maabara ya madini ilitaka majuma kadhaa. Hakimu alimpa hadi ndege ya jioni hii ianze kupakiwa.

"Nataka sababu, Inspekta," hakimu alimwambia. "Pua yako haitoshi."

Kreti likishaondoka halirudi. Thenmozhi aliwahi kuona sanamu tatu zikienda kwa njia hiyo, na alizijua kwa majina yao kama mtu anavyowajua watoto wa jirani waliopotea.

"Nisomeeni tena hiyo ripoti ya mtaalamu wa Dhandapani," Kayalvizhi alisema.

Arokiasamy alivaa miwani akasoma. "'Mlinzi wa kulia alipoakisiwa kwenye kompyuta na kuwekwa juu ya mlinzi wa kushoto wa hekaluni, wamelingana bila tofauti ya maana. Mlinzi wa kwenye kreti hakulingana. Kwa hiyo jozi ya hekaluni ndiyo jozi ya asili, na wa kwenye kreti ni nakala isiyo makini.'" Alivua miwani. "Kusema kweli, hata mimi ningemwachia mzigo wake."

"Ndiyo maana wewe bado ni sajini," Thenmozhi alisema.

Alimkabidhi Kayalvizhi diski yenye picha za skani za sanamu zote tatu, zilizopigwa kwa amri ya mahakama. Walinzi wakatokea kwenye kioo cha kompyuta, wa kijivu, wenye meno ya nje na macho ya kutisha, kila mmoja ameegemea rungu lake. Kayalvizhi alimchukua wa kulia, akamwekea bapa jembamba ubavuni.

"Tazama, afande. Hii ni kazi yangu ya kila siku. Ganda la pampu lina pande mbili zinazofanana, basi sichori mara mbili. Nachora upande mmoja, naweka bapa hapa, naiambia kompyuta: hiki ni kioo. Upande wa pili unajizaa wenyewe."

Alibofya. Mlinzi wa pili alichomoza ng'ambo ya bapa, rungu mkono wa pili, goti limekunjwa upande wa pili. Kayalvizhi alimvuta huyo aliyezaliwa, akamweka juu ya mlinzi wa kushoto wa hekaluni.

"Kijani maana yake wamekutana. Nyekundu maana yake wameachana."

Mlinzi mzima akawa kijani. Uso kijani, vidole kijani, hata mikunjo ya nguo ya kiunoni. Palibaki mstari mmoja tu mwekundu, mshazari kifuani.

Kisha akaweka picha ile ile juu ya mlinzi wa kwenye kreti. Huyo alitoka madoa mekundu mwili mzima kama mtoto mwenye surua.

"Mtaalamu hakudanganya," Arokiasamy alisema kwa unyonge.

 Thenmozhi aliiangalia ile kijani kwa muda mrefu. Kulikuwa na jambo lililomkera, na alihitaji mtu wa kazi alitamke.

"Dada, mafundi wa zamani waliumba kwa nta, kwa vidole. Mmoja kwanza, mwingine baadaye. Fundi wa namna hiyo anaweza kulinganisha hivi?"

Kayalvizhi alicheka. Alivua bangili ya mkono wa kushoto, akajaribu kuipitisha mkono wa kulia. Iligoma kwenye kifundo cha kidole gumba.

"Kushoto inapita. Kulia, mpaka sabuni. Mungu mwenyewe hakuakisi safi, sembuse fundi wa nta! Hawa wa hekaluni wamelingana mno. Mmoja wao ametoka kwenye kompyuta."

"Yaani madoa mekundu..."

"Madoa mekundu ndiyo mkono wa binadamu, afande. Huyo wa kwenye kreti ana haki ya kutofautiana na mwenzake."

Moyo wa Thenmozhi uliruka, lakini Arokiasamy alikuwa amekaa mahakamani miaka mingi akiona kesi nzuri zikifa. Akatikisa kichwa.

"Wakili wa Dhandapani atasimama aseme wazee wetu walikuwa na mikono ya kimungu. Hakimu gani atathubutu kusema hawakuwa nayo?"

Simu ya Thenmozhi ikalia. Ilikuwa ni Dhandapani mwenyewe.

"Afande, umekula?"

"Bado."

"Kula, kula. Nimeagiza dosa hapa ghalani, nakula peke yangu, inanisikitisha. Vijana wameshaleta kigari cha kupakia. Halafu nimesikia huko Valparai milimani wanatafuta inspekta. Chai nzuri sana kule. Ruba ni wengi kidogo, lakini mtu huzoea."

"Ukimaliza dosa yako usiondoke."

"Niondoke niende wapi? Anayeondoka ni mzigo." Akakata simu.

Thenmozhi aliiweka simu mezani kifudifudi. 

"Sajini, chukua pikipiki uende uwanja wa ndege. Kaa karibu na kreti. Wakitaka kulisogeza, waombe karatasi. Wakikupa karatasi, waombe nyingine."

"Na karatasi zikiisha?"

"Tumia akili uliyonayo."

Arokiasamy alishuka ngazi akinung'unika kuhusu magoti. Wanawake wawili wakabaki na yule mlinzi wa kijani.

"Huu mstari mwekundu wa kifuani ni nini?" Thenmozhi aliuliza.

"Ni uzi mtakatifu. Hapo ndipo huyu bwana aliyeakisi alipoonyesha akili." Kayalvizhi aliusogeza karibu. "Uzi unakaa bega la kushoto, kwa walinzi wote wawili. Ukimwakisi mlinzi, uzi unahamia bega la kulia, na nani huvaa uzi bega la kulia?"

"Anayewalisha marehemu wake."

"Sasa hebu fikiria, mlinzi wa mlango amevaa kimsiba mwaka mzima! Mwanamke wa kwanza kuingia angepiga kelele. Kwa hiyo baada ya kuakisi aliufuta uzi, akauchora upya bega la kushoto. Huyu si mgeni, afande. Ni mtu wetu."

"Anajua mila."

"Anajua ile aliyoikumbuka." Kayalvizhi alivunja kipande cha muruku, akakitafuna akifikiri. "Wanagenzi wangu wote hukosea pale pale. Wanaakisi pampu nzima pamoja na skurubu zake, na meno ya skurubu yanazunguka kinyume, kisha fundi wa chini anakuja hapa na nyundo kuniuliza nina kichaa gani. Kuakisi ni rahisi. Kazi ni kujua kipi hakipaswi kugeuka. Huyu aliukumbuka uzi. Tutafute alichosahau."

Walimzungusha mlinzi. Walikagua masikio, mikufu, nyayo. Walikagua rungu, na nyoka aliyejiviringisha kwenye rungu. Kila mara Thenmozhi aliposema "hapo!" Kayalvizhi alionyesha kwamba pale hapana kitu, ni kivuli tu. Nje mwanga ulikuwa unageuka manjano. Thenmozhi alijikuta anaomba Mungu kimyakimya, tabia aliyoiacha tangu chuoni.

"Rudi nyuma," alisema ghafla. "Kwenye nyonga. Ile inayotazama mlangoni."

Palikuwa na mfereji mwembamba, wa kina kidogo sana, ukishuka kutoka kiunoni hadi pajani.

"Mkunjo wa nguo," Kayalvizhi alisema.

"Mkunjo gani unakata mshipi? Tazama. Unapita juu ya nguo, unakata mshipi, unakata na kito cha mshipi. Hakuna fundi anayechonga kito kizuri namna ile halafu akikwaruze."

Kayalvizhi aliacha kutafuna. Alimleta mlinzi wa kulia. Mfereji ulikuwepo, nyonga ile ile ya upande wa mlango. Alimleta wa kwenye kreti. Nyonga yake ilikuwa nzima, na kito cha mshipi kilikuwa duara kamili.

"Pamechakaa," Kayalvizhi alisema polepole. "Kitu kimesugua hapa miaka na miaka. Kikamsugua mmoja, na aliyeakisi akadhani ni nguo, akaubeba na mfereji wenyewe."

"Kwa hiyo wa kushoto wa hekaluni ni nakala!"

"Polepole, afande. Mmoja kati ya wawili hawa ni nakala ya mwenzake. Lakini kioo hakisemi nani alisimama mbele yake. Huenda wa kushoto ndiye mzee, na wa kulia ndiye aliyezaliwa jana. Wakili akikuuliza hilo utamjibu nini?"

"Nitamjibu kilichosugua," Thenmozhi alisema, akiwa tayari yuko mlangoni.

Aliendesha gari hadi Sembarai kama mwizi. Hekalu lilikuwa tupu, maana wanawake walikuwa bado hawajaja kwa taa za jioni. Swaminatha Gurukkal, kuhani wa pale, mzee mwembamba mwenye majivu kwenye paji la uso, alikuwa anafuta sakafu kwa kitambaa. Ufunguo wa mlango wa ndani ulining'inia kiunoni mwake. Hakukuwa na mwingine mwenye ufunguo huo.

Mara ya kwanza Thenmozhi alipomhoji, siku tano nyuma, alimwuliza kama mlinzi wa kushoto ni yule yule. Mzee alijibu, "Ndiye ninayemvika kila asubuhi." Thenmozhi aliandika jibu hilo, akaenda zake. Sasa, akivua viatu, aliona kwamba halikuwa jibu.

Aliinua macho. Juu ya mlango palikuwa na kengele ya shaba, na kamba yake nene ilishuka upande wa kulia, nyeusi kwa mafuta ya mikono. Aliivuta. Kengele ililia, na kamba ikayumba ikamgonga mlinzi wa kulia nyongani, ndani ya mfereji kabisa, kisha ikarudi tena. Kila aliyewahi kuingia pale aliivuta. Shaba ilikuwa imelika kwa salamu za watu.

Thenmozhi alitaka kucheka kwa furaha. Ndipo alipoona kulabu ya pili kwenye boriti. Ilikuwa upande wa kushoto.

Furaha yote ikamwishia. Kama zamani kengele ilining'inia kushoto, basi wa kushoto ndiye mzee, na Dhandapani anasema kweli. Wakili angehitaji kuipiga picha kulabu ile tu.

"Baba Gurukkal."

"Mwanangu."

"Ile kulabu ya kushoto. Kengele iliwahi kukaa pale?"

Mzee aliendelea kufuta sakafu. Alifuta mahali palipokuwa pameshafutwa.

"Baba, nakuuliza mara moja, maana sina muda wa mara ya pili. Ukisema iliwahi kukaa kushoto, kreti linaondoka jioni hii, na hakuna mtu atakayekuuliza neno tena. Ukisema haikuwahi, kreti linabaki. Lakini nitakuuliza aliyetoka hapa alitokaje, na mlango una ufunguo mmoja."

Alijua ni ujinga wa kazi kumwonyesha shahidi mlango wa kutokea. Lakini alikuwa amechoka, na mzee yule alikuwa amembariki alipokuwa mtoto wa shule, yeye na darasa lake zima. Hakuweza kumtegea.

Kitambaa kilisimama.

"Ni kulabu ya taa," Gurukkal alisema. "Baba yangu alitundika taa pale. Kengele haijahama. Babu yangu aliikuta kulia."

"Utaandika hivyo na kutia sahihi?"

"Lete kalamu kabla sijaogopa."

Aliandika akiwa amepiga magoti sakafuni, kwa mwandiko mkubwa wa kishule. Thenmozhi alipiga picha karatasi, akapiga picha mfereji na kamba, akamtumia hakimu vyote pamoja na picha za Kayalvizhi. Kisha akampigia, akaeleza bila kuvuta pumzi: mlinzi wa kulia alisuguliwa na kamba, wa kushoto ana alama hiyo hiyo mahali ambapo kamba haikuwahi kufika, kwa hiyo ameakisiwa. Hakimu alisema ngoja azitazame picha. Alipokuwa bado anazitazama, Thenmozhi alisikia ndege inapita juu ya mashamba ya minazi. Hakujua ni ndege gani.

"Hiyo ni sababu," hakimu alisema mwishowe. "Zuia. Amri inakuja."

Alimpigia Arokiasamy. Simu iliita, ikaita, ikapokelewa katikati ya makelele.

"Sajini! Kreti liko wapi?"

"Chini yangu, afande."

"Chini yako vipi?"

"Nimelikalia. Karatasi ziliisha. Wanasema wataninyanyua na winchi, nikawaambia jaribuni, hata mke wangu ameshindwa."

"Amri imetoka. Mkamate Dhandapani."

"Huyu hapa. Ghafla hana hamu ya dosa."

Thenmozhi aliegemea nguzo. Akafumba macho. Alipofumbua macho, Gurukkal alikuwa amekaa chini mbele ya mlinzi wa bandia, ambaye asubuhi ile alikuwa amemvika kitambaa cheupe na shada la maua.

"Nilimtoa mwenyewe," mzee alisema. Hakuulizwa. "Dhandapani alikuja wakati tunajiandaa kuliweka wakfu hekalu upya. Akasema wa kushoto amepata ufa mguuni. Mwenye ufa haabudiwi, unajua. Wangesimamisha sherehe, na kijiji kimechanga tangu mwaka wa ukame. Akasema atampeleka kwa fundi, ataziba, atamrudisha, hakuna atakayejua. Nikamfungulia mlango."

"Akarudi."

"Akarudi mzima, anang'aa. Asubuhi ya kwanza nilipomvika, kitambaa hakikukaa. Miaka yote nafunga fundo lile kiunoni, macho nimefumba. Siku ile lilikuwa linateleza. Nikajua. Nikakaza fundo, nikanyamaza." Alifuta uso kwa kitambaa kile kile cha sakafu. "Mwanangu, naomba kitu kimoja. Muulize mtu wako, ule ufa ameuziba nani? Wameuziba vizuri? Asije akarudi anavuja."

Thenmozhi aliinua simu tena, akaiweka kwenye spika. "Sajini, fungua kreti. Mguu wa mlinzi, kuna ufa uliozibwa. Utazame."

Walisikia msumari ukilia kwenye mbao, kisha majani makavu yakipukutishwa. Arokiasamy alichukua muda.

"Mguu upi, afande?"

"Yote miwili."

"Hakuna ufa. Nimepapasa kutoka goti hadi kisigino, miguu yote. Hakuna ufa wala kiraka. Mzima kama alivyotoka kwenye nta."

Gurukkal alikuwa amesikia. Alikaa akiitazama simu kana kwamba itasema tena, iseme vingine.

"Huo ufa uliuona wapi, baba?" Thenmozhi aliuliza taratibu.

"Kwenye kompyuta. Alikuja na mashine yake, akampiga mwanga mlinzi, akanionyesha picha. Mstari mweusi, kutoka goti hadi kisigino. Nilitazama pale kwenye picha nikalia."

"Mlinzi mwenyewe alikuwa wapi?"

"Hapa." Mzee alinyoosha mkono, na mkono ulikomea hewani. "Alikuwa hapa, karibu namna hii. Mguu ule nimeuosha kwa maziwa kila asubuhi tangu nina meno ya utoto. Na siku ile sikuugusa."

Nje wanawake wa kwanza walikuwa wanafika na taa zao. Mmoja aliingia, akaivuta kamba, kengele ikalia. Thenmozhi alisubiri mlio uishe, kisha akamsaidia mzee kusimama.